Nyumba Tupu Ina Wenyewe



Leo tunaandika wawili, mtu na mdogo wake. Mkubwa wetu ana miaka 38, anapika mikate na keki za harusi nyumbani, ameachika na ana watoto wawili. Mdogo wetu ana miaka 26, anasomesha skuli ya msingi, na amefunga ndoa mwaka juzi. Tunasema "sisi" kwa sababu jambo hili tulilifanya pamoja, kheri yake na aibu yake.

Jambo lenyewe ni kutafuta nyumba zilizotelekezwa, zisizokaliwa na mtu, tununue moja, tuitengeneze na tuikodishe. Si jambo ambalo wanawake wa kwetu wanazungumza sana. Tunazungumza dhahabu, vitenge, vyombo na kitanda cha mninga. Nyumba tunawaachia kaka zetu. Lakini tulijifunza kitu ambacho tunaona kila mwanamke anayeshika mahari yake mkononi anafaa akisikie kabla hajatoa shilingi.

Pesa zilikotoka

Mdogo wetu alipoposwa, alipoulizwa mahari hakutaka samani. Alitaka shilingi milioni 8 taslimu. Wako walionong'ona. Shangazi mmoja alisema, "Mtoto huyu anaolewa au anafungua duka?" Bwana harusi, Allah amjaze kheri, alitoa na akasema mbele ya mashahidi kwamba ile ni mali ya mkewe na yeye hana sauti ndani yake. Na ndivyo dini yetu ilivyo. Mahari ni ya mke, si ya baba, si ya kaka, si ya mume. Mume hali chochote katika mahari ila kile mke anachomtunukia kwa ridhaa ya moyo wake.

Juu ya hiyo milioni 8 mdogo wetu alikuwa na akiba ya milioni 4. Mkubwa wetu alikuwa na milioni 22, miaka 11 ya kuamka saa tisa usiku kuumua unga, pamoja na zamu mbili za upatu. Jumla milioni 34. Hatukutaka mkopo wa riba. Hizo ndizo zilikuwa pesa zetu zote duniani.

Siku moja tukatizama video ya bwana mmoja wa Marekani anayefundisha watu kununua nyumba mbovu. Anasema zunguka mitaani na gari yako, tizama nyumba ambayo majani yamekua marefu na sanduku la barua limejaa hadi linamwaga, andika anwani, kisha mtafute mwenyewe. Tulicheka. Kwetu nani ana sanduku la barua mlangoni? Lakini mkubwa wetu akasema, "Sisi miguu tunayo." Tukanunua daftari.

Alama za nyumba iliyosahauliwa

Tulianzia Mji Mkongwe, kwa sababu ndiko macho ya kila mtu yanakokwenda. Tulirudi haraka. Tangu mwaka 2000 mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na bei zake si za mahari ya mwalimu. Huwezi hata kubadilisha dirisha bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, na ni haki, maana mji ule ni amana. Tukavuka Darajani, tukaingia Ng'ambo, kwenye vichochoro tulivyokulia.

Kwa miezi miwili tulitembea kila Jumanne na Alkhamisi, kuanzia baada ya alasiri mpaka magharibi. Magharibi ndiyo saa bora. Taa zikishawashwa mtaani, nyumba isiyo na mtu inajionesha wenyewe. Alama nyengine tulizijua kidogo kidogo. Kufuli iliyoshika kutu hadi tundu la ufunguo limeziba. Mti uliootea ukutani, mizizi yake imeshaingia baina ya mawe. Mita ya umeme iliyong'olewa, zimebaki nyaya. Taka za mtaa mzima zimetupwa mlangoni, kwa sababu watu hawatupi taka kwenye mlango wa mtu anayetoka asubuhi. Bati lililotoboka, na chini yake ukuta una mchirizi mweusi wa mvua za masika ya miaka mingi.

Na kuna alama ambayo wanaume hawaipati, sisi tunaipata. Mwanamke anaingia ndani ya nyumba za watu. Tunakwenda harusini, khitmani, kumtizama mzazi. Tunakaa uani, na kutoka uani tunaona nyuma ya nyumba ya jirani. Ukimuuliza bibi aliyekaa mtaa huo miaka 50, "Hapo anakaa nani?", atakupa nasaba nzima mpaka aliyepanda mwembe. Hata hivyo tulijiwekea mpaka. Msibani hatuulizi. Aliyefiwa anataka dua, hataki mnunuzi.

Mwisho wa miezi miwili daftari letu lilikuwa na nyumba 17. Moja zaidi tuliipita kila wiki na hatukuiandika. Hiyo tulikuwa tunaijua.

Kumi na saba si tupu

Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza, maana sasa ilikuwa kumtafuta mwenyewe wa kila nyumba. Tulikwenda kwa masheha, tukakaa kwenye mabenchi ya ofisi za ardhi, tukaulizia kwa majirani. Hivi ndivyo zilivyotoka.

Tano zilikuwa za Serikali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali, na mpaka leo mlango uliofungwa unaweza kuwa wake hata kama dalali anakwambia "ya marehemu babu yangu". Tena kumbuka kwamba hapa Zanzibar ardhi ni mali ya umma. Unachouziwa ni jengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake, ndiyo maana karatasi za ofisi ya ardhi si jambo la kupuuza.

Tatu zilikuwa wakfu. Hizo ndizo zilizotutisha zaidi, kwa sababu moja wapo tulishaanza kuzungumza bei na kijana aliyejiita mjukuu wa mwenyewe. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Aliyeiweka ameshaitoa kwa Allah, na manufaa yake yanakwenda alikoagiza. Ukitaka kujua, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi hiyo. Tungetoa pesa kwa yule kijana, tungenunua madhambi kwa mahari.

Mbili zilikuwa za watu walioko Maskati, na wana jamaa wanaowaangalizia. Hawauzi.

Moja haikuwa tupu. Hiyo tunaiandika kwa haya. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli ya kutu, madirisha yamepigwa mbao. Tuliandika "tupu" na tukaweka alama ya nyota. Wiki ya pili tulizunguka nyuma, tukasukuma kiwambo cha makuti, na sauti ikauliza, "Nani?" Alikuwa bibi amekaa juu ya mkeka, pembeni ana jiko la mkaa na sufuria moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmetumwa kuja kunitoa?"

Hatukuwa na la kujibu, kwa sababu kwa namna fulani ndiyo, tulikuja kumtoa. Tulimwambia tumepotea njia. Wiki iliyofuata mkubwa wetu alimpelekea mikate, na mpaka leo anampelekea. Kwenye daftari tulifuta ile nyota.

Sita zilizobaki zote zilikuwa kitu kimoja: mirathi isiyogawiwa. Baba amefariki, watoto wametawanyika, hakuna anayetaka kuanza mazungumzo, paa linaanguka. Nyumba haikutelekezwa kwa sababu haina mwenyewe. Imetelekezwa kwa sababu ina wenyewe wengi na hawajakaa kitako pamoja.

Nyumba ya tisa

Ya tisa kwenye daftari ndiyo tuliyoipenda. Mtaa wake hatuutaji kwa heshima ya wenyewe. Chumba cha mbele chenye mlango wa barazani kinachofaa duka, vyumba viwili nyuma, ua, choo, mpera. Mawe na chokaa, boriti za mikoko, bati bovu.

Dalali alituletea mzee mmoja, mtoto mkubwa wa marehemu. Walikuwa ndugu watatu wanaume, wote wapo hapa mjini. Bei milioni 28. Tulikokotoa mara moja: tunabakiwa na milioni 6 za kutengenezea. Dalali akasema, "Dada zangu, nyumba kama hii hailali. Kabla ya Ramadhani itakuwa na mtu."

Mkubwa wetu akauliza, "Marehemu aliacha watoto hawa watatu tu?"

Mzee akasema, "Tuko na dada mmoja. Yuko Pemba, kaolewa huko zamani. Hana neno."

Hana neno. Dada zetu, tumelisikia neno hili mara ngapi? Tuseme ukweli mbele ya Allah: sisi tulilikubali. Tuliondoka pale tumefurahi. Njiani mkubwa wetu alisema mambo ya ndugu wamalizane wenyewe. Mdogo wetu alishaanza kuchagua rangi ya milango.

Usiku ule tulimhadithia mama yetu jikoni, akipepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ya kuinua macho, "Huyo dada mtu, nyie mmemuuliza?"

Tukanyamaza. Mama akaendelea kupepeta. Sote watatu tulikuwa tunafikiria nyumba moja, ile ambayo hatukuiandika kwenye daftari. Ni nyumba ya babu yetu, baba yake mama. Imefungwa tangu babu alipofariki. Ufunguo anao mjomba. Mama na mdogo wake wa kike hawakuwahi kupewa kitu wala kuulizwa. Tukiwa wadogo tulimuuliza kwa nini hatuendi kucheza kule kwenye mpera mkubwa, akatwambia, "Siwezi kugombana na kaka yangu kwa ajili ya mawe." Na nina yakini, angeulizwa mjomba, angesema dada zake hawana neno.

Mdogo wetu hakulala. Alikuwa na mahari yake benki, pesa ambazo hakuna mwanamume angeweza kuzigusa bila ya ridhaa yake, na alikuwa karibu kuzitumia kununua haki ya mwanamke mwengine bila ya ridhaa ya mwenyewe.

Hesabu ya dada mtu

Asubuhi tulikaa na kalamu. Marehemu aliacha mke na watoto wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mke ana thumni, moja ya nane, lakini naye alishafariki na waliomrithi ni watoto hao hao. Kwa hivyo nyumba nzima ni ya wale wanne: kila mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mafungu saba. Milioni 28 gawa kwa saba ni milioni 4. Dada wa Pemba alikuwa na milioni 4 zake ndani ya ile nyumba, na alikuwa nazo tangu baba yake alipofariki, miaka 19 nyuma.

Kuna wanaosema fungu la mwanamke ni dogo, kwa nini kulipigania. Surat An-Nisaa inatufunza kwamba wanawake wana sehemu yao katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kichache au kingi, sehemu iliyofaradhishwa. Hatukupewa khiyari ya kuiona ndogo. Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametuonya juu ya anayechukua ardhi kwa dhulma hata kama ni shubiri moja. Hakumtaja muuzaji peke yake. Mnunuzi anayejua naye ana lake la kujibu.

Tulimpigia simu yule mzee tukamwambia tunataka kuzungumza na dada yake kwanza. Akakasirika. "Nyinyi mnanunua nyumba au mnachunguza ukoo?" Dalali akatwambia tumeharibu biashara. Siku nne hakuna simu. Ya tano, mzee mwenyewe akatuletea namba ya dada yake. Baadaye tulijua kwamba wanunuzi wawili kabla yetu walikimbia kwa sababu hiyo hiyo: hakuna karatasi ya mirathi.

Tulipanda meli mpaka Mkoani, mdogo wetu na mumewe pamoja na mkubwa wetu. Tulimkuta yule mama uani kwake, amezungukwa na majamvi, anachambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku, mikono yake yote inanukia. Tulitarajia machozi. Tulijiandaa kwa machozi. Tukamueleza polepole: nyumba ya baba yake inauzwa, bei ni kadha, fungu lake ni milioni 4, na kwa kuwa yeye ni mshirika ana haki ya shufaa, yaani akitaka kuinunua yeye, anatangulia kabla yetu sisi watu wa nje.

Akaacha kuchambua. "Milioni nne?"

"Ndiyo mama."

"Mie nimekaa hapa nachambua karafuu za watu kwa kilo, na milioni nne zangu zimelala Unguja?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akatulia, akatutizama mmoja mmoja. "Bei nani kaipanga?"

"Kaka zako."

"Wamekurupuka. Nyumba ile iko karibu na barabara. Kununua sitaki, Unguja nitakwenda kufanya nini. Lakini kwa bei hiyo sitii saini."

Hapo ndipo tulipoonja gharama ya kutenda haki. Tulivuka bahari kumtafuta mwenye haki, na mwenye haki akapandisha bei.

Jinsi tulivyomalizana

Alikuja Unguja wiki mbili baadaye. Walikaa ndugu wanne chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu maziko ya mama yao. Yaliyosemwa mule si yetu kuyahadithia. Walipotoka, bei ilikuwa milioni 35, ambayo kwa uadilifu ndiyo iliyokuwa thamani ya nyumba ikiwa na karatasi zake kamili. Fungu lake likawa milioni 5, na kila kaka milioni 10.

Sisi tulikuwa na 34. Hatukuficha. Tuliwaambia hizi ndizo tulizonazo, na bila ya paa nyumba haikaliki. Tukaomba tulipe milioni 26 papo hapo na milioni 9 zilizobaki tuzilipe kwa miezi 18, laki tano kila mwezi, bila ya nyongeza. Mzee akasema yeye na wadogo zake wachukue mwanzo, dada asubiri, kwa kuwa ana mume.

Yule mama akasema, "Nyinyi ndio mtakaosubiri. Mie nimeshasubiri miaka 19."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alipewa milioni 5 zake zote mkononi, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kila kaka akapata milioni 7, na milioni 3 zake za mwisho akaandikiwa deni. Mirathi ikathibitishwa kunakohusika, wote wanne wakatia saini mbele ya mashahidi na sheha, uhaulishaji ukapita ofisi ya ardhi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata baina yetu sisi wawili tuliandikiana: nani katoa kiasi gani, nani analipa deni lipi, na fungu la kila mmoja ni lipi, ili siku mmoja wetu akitangulia, watoto wake wasiambiwe mama yao hakuwa na neno.

Paa kwanza, rangi mwisho

Wale wenye hamu ya upande wa ufundi, tunawapa machache. Adui wa nyumba mbovu ni maji. Tulibadilisha bati kabla ya kitu chochote. Boriti tatu zilikuwa zimeliwa na mchwa, zikatolewa. Ukuta wa mbele ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na mtu aliyedhani anausaidia. Fundi wetu, mzee anayejua chokaa, aliibandua yote. Alitueleza kwamba ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu na unautoa, lakini saruji inaufungia unyevu ndani, na mawe yanaanza kumong'onyoka nyuma ya lipu huku nje panaonekana pazuri. Akapiga lipu ya chokaa iliyolowekwa, nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na akatukataza kupaka rangi mpaka ikauke vizuri.

Na msinunue jengo lenye ufa mkubwa kwa kutegemea dua peke yake. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020 hata likiwa katika matengenezo, na roho za watu zikapotea. Mleteni fundi kabla hamjazungumza bei.

Matengenezo yalitumalizia zile milioni 8 zote. Leo chumba cha mbele amekodi mshonaji wa majuba kwa laki moja na elfu ishirini, na nyuma wanakaa mke na mume na mtoto wao kwa laki moja na elfu themanini. Laki tatu kwa mwezi. Ukipiga hesabu, itachukua miaka 12 hivi nyumba kurudisha pesa yake, na deni la wale kaka ndiyo kwanza tumefika nusu. Hatujatajirika. Tunawaambia hivi kwa sababu yule bwana wa kwenye video anasema utaacha kazi baada ya mwaka. Mkubwa wetu bado anaamka saa tisa.

Kabla hujatoa shilingi

Ikiwa unataka kujaribu, uliza haya kwa mpango huu, na usivuke swali moja kabla hujapata jibu la lile lililotangulia.

1. Je, kweli ni tupu? Zunguka nyuma, bisha hodi, uliza jirani.
2. Je, ni ya Serikali au wakfu? Usimsikilize dalali, nenda ofisini.
3. Aliyeiacha ni nani, na warithi wake wote ni nani? Waandike majina, wanawake na wanaume, waliokuwepo na walio mbali. Hesabu mafungu mwenyewe, kisha mpelekee anayejua akusahihishe.
4. Kila mwanamke katika orodha hiyo umemsikia kwa sauti yake mwenyewe? Si sauti ya kaka yake, si ya mumewe.
5. Fundi anasema nini juu ya paa, boriti na kuta?

Bei ni swali la sita.

Tunamalizia na mama yetu. Siku tulipokabidhiwa ufunguo tulimpeleka akaione nyumba. Alizunguka vyumba vyote, akagusa ukuta, akasimama muda mrefu chini ya mpera. Hakusema kitu. Usiku, tumeshakula, aliingia chumbani na lile daftari letu mkononi. Alikuwa amelifungua kwenye ukurasa wa mafungu saba.

"Hebu nifanyieni na mie hesabu," akasema. "Tuko watatu. Kaka mmoja, dada wawili."

Mafungu manne, mama. Kaka mawili, wewe moja, mdogo wako moja. Tuliandika, akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Jumaa iliyopita, baada ya sala, alijifunga buibui lake akasema anakwenda kumsalimia kaka yake. Hakutaka tumsindikize. Amerudi magharibi, amekaa, ameomba maji. Mjomba amemwambia waje wote wawili Jumapili.

Tuombeeni dua, dada zetu. Nasi tunakuombeeni, kila mwenye haki iliyofungiwa nyuma ya mlango, Allah amfungulie kwa wepesi na bila ya kukatika udugu. Amin.

Wabillahi tawfiq.